Swichi ya Mtandao na Ngazi za Ruhusa: Nani Anaruhusiwa Kugusa Nini Katika Mtandao wa Ofisi ya Umma

Mwananchi anayefika katika ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, kuomba leseni ya biashara, kupata namba ya malipo au kufuatilia fedha za kazi aliyoifanyia Serikali, huhudumiwa kwa mifumo ya kompyuta ambayo seva zake ziko mbali na wilaya hiyo. Leseni na mapato ya halmashauri hushughulikiwa katika mfumo wa TAUSI, malipo ya Serikali katika mfumo wa MUSE, na zabuni katika mfumo wa NeST. Kati ya kompyuta ya ofisa anayemhudumia na seva hizo kipo kifaa ambacho mwananchi hakioni, nacho ni swichi ya mtandao.

Swichi ikiwa salama, hakuna anayeikumbuka. Ikipangwa vibaya au ikiguswa na asiyehusika, mwananchi husikia kauli aliyoizoea: "mtandao unasumbua, rudi kesho." Kwa mkazi wa Igurubi, Choma au Ziba aliyelipa nauli kufika Igunga mjini, kurudi kesho ni gharama ya pili kwa huduma ileile.

Makala haya yanaeleza swichi ni kitu gani, mtaalamu huipangaje kwa kutumia mstari wa amri, na kwa nini watumishi wanaoifikia hugawiwa ngazi tofauti za ruhusa. Hoja kuu ni kwamba ngazi hizo hazikubuniwa ili kumpa mtu heshima ya cheo. Zipo ili ijulikane nani alifanya nini, na ili huduma ya umma isimtegemee mtu mmoja.

KAZI YA SWICHI

Swichi ni kisanduku chenye poti, kwa kawaida 24 au 48, ambazo kompyuta, mashine za kuchapisha, simu za mezani na vifaa vya mtandao usiotumia waya huunganishwa kwa kebo. Kila kifaa kina anwani ya kiwandani, iitwayo anwani ya MAC, yenye urefu wa biti 48. Swichi hujifunza anwani ipi iko katika poti ipi, huiandika katika jedwali lake, kisha hupeleka kila ujumbe kwenye poti ya mlengwa peke yake. Vifaa vilivyotangulia swichi vilirusha kila ujumbe kwenye poti zote, jambo lililopunguza kasi na kuwawezesha wengine kusoma yasiyowahusu. Swichi ya kwanza ya mitandao ya Ethernet kuingia sokoni ilitengenezwa na kampuni ya Kalpana ya Marekani mwaka 1990, na kampuni hiyo ilinunuliwa na Cisco mwaka 1994.

Swichi ya ofisi pia huweza kugawa mtandao mmoja katika sehemu zisizoonana, ziitwazo VLAN. Kompyuta za uhasibu zinaweza kuwekwa katika sehemu yake, za masijala katika nyingine, na simu za wageni katika sehemu ya tatu, ingawa zote zimechomekwa katika kifaa kimoja. Kwa hiyo mwenye mamlaka juu ya swichi anaweza kuamua nani aonane na nani, nani akatiwe mawasiliano, na hata kuagiza nakala ya mawasiliano ya poti moja ipelekwe katika poti nyingine.

Wakazi wa Tabora wanaifahamu hoja hii tangu enzi za misafara. Njia kuu kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, palipo Tabora ya leo, kisha ikagawanyika: tawi moja likaenda Ujiji, lingine likaelekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mwaka 1871, Mtemi Mirambo wa Urambo alipoingia vitani na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora, njia ya moja kwa moja ya Ujiji ilifungwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alilazimika kuzunguka upande wa kusini. Aliyeyashika makutano ya njia aliishika safari ya kila mtu, na swichi ni makutano ya aina hiyo.

MSTARI WA AMRI

Swichi nyingi za kitaalamu huweza kupangwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukurasa wenye vitufe, unaofunguliwa kwa kivinjari. Ya pili ni mstari wa amri, ambapo mtaalamu huandika amri kwa maneno, akabonyeza kitufe cha kuingiza, na kifaa kikajibu. Wataalamu hupendelea njia ya pili kwa sababu inafika katika kila sehemu ya kifaa, inafanya kazi hata mawasiliano yakiwa hafifu, na kila amri iliyoandikwa inaweza kuwekwa katika kumbukumbu.

Kuna milango miwili ya kuufikia mstari wa amri. Mlango wa kwanza ni poti ya konsoli, ambayo huunganishwa na kompyuta mpakato kwa kebo maalumu. Hapo mtaalamu lazima asimame mbele ya kifaa. Mlango wa pili ni wa mbali, kupitia mtandao wenyewe. Zamani ilitumika itifaki ya Telnet, ambayo husafirisha kila herufi waziwazi, nywila ikiwemo. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini, aliunda itifaki ya SSH, ambayo husimba mawasiliano yote ili anayenasa waya asiweze kuyasoma. Leo hakuna sababu ya kuiacha Telnet wazi katika ofisi ya umma.

Mifano iliyomo katika makala haya imetolewa katika lugha ya swichi za Cisco, kwa kuwa muundo wake umeigwa na watengenezaji wengi. Mtaalamu anapoingia hukutana na jina la kifaa likifuatwa na alama. Alama hiyo humwambia yuko wapi:

HALMASHAURI-SW1>
HALMASHAURI-SW1#
HALMASHAURI-SW1(config)#

Alama ya kwanza ni ya mtazamaji, anayeweza kuona mambo machache bila kubadili chochote. Alama ya pili ni ya mwenye mamlaka, ambaye hufika hapo kwa amri "enable" na nywila yake. Ya tatu ni ya kubadili mpangilio wa kifaa, na hufikiwa kwa amri "configure terminal".

Mabadiliko hufanya kazi papo hapo, lakini hayahifadhiwi hadi mtaalamu aandike "copy running-config startup-config". Umeme ukikatika kabla ya hapo, kifaa kikiwaka hurudia mpangilio wa awali. Tabia hiyo huweza kuwa msaada. Mtaalamu anayefanya badiliko la hatari akiwa mbali huanza na amri "reload in 10", inayokiagiza kifaa kijiwashe upya baada ya dakika 10. Akikosea na kujifungia nje, kifaa hujirudisha chenyewe katika hali ya zamani. Akifanikiwa, huandika "reload cancel" kisha akahifadhi. Kwa kituo kilicho ng'ambo ya Mto Manonga wakati wa masika, amri hiyo moja inaweza kuokoa safari ya siku nzima.

NGAZI KUMI NA SITA

Katika swichi za Cisco ngazi za ruhusa ni 16, kuanzia 0 hadi 15. Ngazi ya 0 ina amri tano tu: "disable", "enable", "exit", "help" na "logout". Ngazi ya 1 ndiyo ya mtazamaji wa kawaida. Ngazi ya 15 ndiyo ya mamlaka kamili: anayeifikia anaweza kufuta mpangilio wote, kuunda watumiaji wapya na kuwaondoa wengine. Ngazi ya 2 hadi ya 14 huachwa tupu na mtengenezaji, ili kila taasisi izijaze kulingana na mgawanyo wake wa kazi.

Watengenezaji wengine wana mfumo wao. Swichi za Huawei zilitumia kwa muda mrefu ngazi nne, kuanzia 0 ya mgeni hadi 3 ya msimamizi. Vifaa vya Juniper havihesabu ngazi bali hutumia makundi ya watumiaji, kuanzia asiye na ruhusa yoyote hadi msimamizi mkuu. Majina yanatofautiana, ila kanuni ni ileile: mtumishi apewe ruhusa inayotosha kazi yake, isizidi hapo.

Katika ofisi ya halmashauri kanuni hiyo inaweza kutafsiriwa kwa wepesi. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo au ofisa wa zamu anayepokea malalamiko ya watumiaji hutosheka na ngazi ya 1, kwani kazi yake ni kuona kama poti ina uhai na kutoa taarifa. Fundi anayehamisha kompyuta kutoka chumba kimoja kwenda kingine huhitaji kufungua na kufunga poti. Huyo anaweza kupewa ngazi ya 5. Msimamizi wa mtandao na msaidizi wake ndio wanaostahili ngazi ya 15.

Ili ngazi ya 5 iwe na uwezo huo, msimamizi huishushia amri zinazohusika:

privilege exec level 5 configure terminal
privilege configure level 5 interface
privilege interface level 5 shutdown
privilege interface level 5 no shutdown

Kisha kila mtumishi huundiwa akaunti yake binafsi:

username fundi.a privilege 5 algorithm-type scrypt secret (nywila)
username msimamizi.b privilege 15 algorithm-type scrypt secret (nywila)

Neno "secret" katika mistari hiyo lina uzito. Lipo neno lingine, "password", ambalo huiacha nywila ikisomeka waziwazi ndani ya mpangilio, au ikiwa imefunikwa kwa njia dhaifu inayojulikana kama aina ya 7, ambayo mtu yeyote anaweza kuifunua kwa programu zinazopatikana bure. "Secret" huigeuza nywila kuwa mfuatano wa herufi usiorudishika katika umbo la awali, na scrypt ni miongoni mwa njia imara za kufanya hivyo.

Mwisho hufungwa milango ya mbali:

ip ssh version 2
login block-for 120 attempts 3 within 60
line vty 0 15
login local
transport input ssh
exec-timeout 5 0

Mistari hiyo inakiagiza kifaa kitumie toleo la pili la SSH, kikatae majaribio kwa sekunde 120 mtu akikosea nywila mara tatu ndani ya sekunde 60, kimtambue kila anayeingia kwa akaunti yake, kikatae Telnet, na kimtoe aliyekaa dakika tano bila kuandika kitu. Agizo la mwisho linahusu jambo la kila siku: msimamizi huitwa na mkubwa wake, huondoka mbio, na kompyuta yake hubaki wazi mezani.

MIPAKA YA NGAZI

Ngazi za ruhusa zina mipaka ambayo kila mwenye dhamana anapaswa kuijua, kwa kuwa ngazi zinazoaminiwa kupita kiasi huleta usalama wa maneno matupu.

Kwanza, ngazi haitofautishi poti na poti. Fundi wa ngazi ya 5 katika mfano uliotangulia anaweza kuifunga poti ya mashine ya kuchapisha, lakini kwa ruhusa hiyohiyo anaweza kuifunga poti inayoiunganisha ofisi nzima na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Kifaa hakitamzuia. Kwa hiyo poti kuu huandikwa maelezo yanayosomeka wazi ndani ya mpangilio, kebo zake hufungwa lebo, na fundi hufundishwa kuhakiki namba ya poti kabla ya kubonyeza.

Pili, amri yenye maneno mengi huburuta mzizi wake. Msimamizi akiipandisha amri ya "show ip traffic" hadi ngazi ya 15 kwa nia ya kuificha, amri za "show" kwa jumla hupanda nayo, isipokuwa azirudishe mojamoja. Ofisa wa zamu atashtuka kuona hawezi kutazama chochote, na huenda akadhani kifaa kimeharibika.

Tatu, ipo nywila ya "enable". Anayeijua, hata akiwa ameingia kwa ngazi ya 1, hupanda moja kwa moja hadi ngazi ya 15. Ofisi inayogawa ngazi kwa makini, kisha ikaibandika nywila hiyo ukutani, haijagawa kitu.

Nne, mwenye kusimama mbele ya kifaa ana nguvu kuliko nywila. Swichi nyingi zina njia rasmi ya kumsaidia mmiliki aliyesahau nywila: hushikilia kitufe kilicho mbele ya kifaa wakati kinawaka, akiwa ameunganisha kebo ya konsoli. Njia hiyo humsaidia pia mwizi. Kwa sababu hiyo kufuli la kabati la vifaa vya mtandao ni sehemu ya usalama wa mfumo, na kabati lililowekwa katika korido au chumba cha stoo kinachofunguliwa na kila mtu hubatilisha kazi yote iliyofanywa katika mstari wa amri.

FUNZO KUTOKA SAN FRANCISCO

Mwaka 2008 jiji la San Francisco nchini Marekani lilipata somo ambalo hadi leo hutajwa na wasimamizi wa mitandao. Mhandisi wa jiji hilo, Terry Childs, alikuwa mtu pekee mwenye nywila za mtandao mkuu wa jiji, uliobeba barua pepe, mishahara na shughuli nyingine za idara. Alipotakiwa kuzikabidhi alikataa, akieleza kwamba waliozitaka hawakuwa na sifa ya kukabidhiwa. Alikamatwa mwezi Julai mwaka huo na kushtakiwa.

Mtandao haukuzimika. Uliendelea kufanya kazi, ila hakuna aliyeweza kuubadilisha wala kuutengeneza, na hofu ilikuwa kwamba hitilafu yoyote ingekosa tiba. Baada ya siku 12 Childs alizikabidhi nywila hizo kwa Meya Gavin Newsom, aliyemfuata mahabusu. Mwaka 2010 alipatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo cha miaka minne.

Kesi hiyo huelezwa mara nyingi kama habari ya mtumishi mkaidi. Hata hivyo, kwa utawala wa umma swali la msingi linaihusu taasisi: iliwezekanaje mali ya jiji zima ikawa na mfunguo mmoja mikononi mwa mtu mmoja? Mtumishi huyo angeweza pia kuugua, kupata ajali, kustaafu au kuhamishwa, na matokeo yangekuwa yaleyale bila kosa lolote la jinai. Katika halmashauri za wilaya, ambako Kitengo cha TEHAMA huweza kuwa na watumishi wachache na uhamisho ni jambo la kawaida, swali hilo linahitaji jibu kabla ya siku ya makabidhiano.

Tukio la pili ni la karibuni zaidi. Tarehe 16 Oktoba 2023 kampuni ya Cisco ilitangaza kasoro katika ukurasa wa usimamizi wa vifaa vinavyotumia programu ya IOS XE. Kasoro hiyo, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2023-20198 na kupewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali, iliwawezesha wadukuzi kujiundia akaunti yenye ngazi ya 15 bila kuwa na nywila yoyote. Makumi ya maelfu ya vifaa duniani viliathirika kabla ya marekebisho kutolewa. Waliokuwa salama ni pamoja na wale walioufunga ukurasa huo kwa amri "no ip http server" na "no ip http secure-server", wakabaki na mstari wa amri unaofikiwa kutoka ndani tu. Mlango usiotumika ni mlango wa kufungwa.

KUMBUKUMBU NA SEVA YA UTAMBULISHO

Akaunti zinazoundwa ndani ya swichi yenyewe zinatosha kwa ofisi yenye vifaa viwili au vitatu. Vikiongezeka, kumwondoa mtumishi mmoja aliyehama humlazimu msimamizi apite kila kifaa, na akisahau kimoja huacha mlango wazi. Suluhisho ni seva ya utambulisho, ambayo swichi zote huiuliza kabla ya kumruhusu mtu.

Itifaki mbili ndizo zinazotumika zaidi. RADIUS humtambua mtumiaji na kutoa ruhusa yake wakati anapoingia. TACACS+ huenda mbali zaidi: inaweza kuulizwa kwa kila amri inayoandikwa, ikakubali au kukataa, na ikaweka kumbukumbu ya amri hiyo kwa jina la aliyeiandika. Hata hivyo, akaunti moja ya dharura hubaki ndani ya kila kifaa ili itumike seva hiyo inapokuwa haifikiki.

Ofisi isiyo na seva ya aina hiyo inaweza bado kuweka kumbukumbu. Swichi huagizwa kuandika kila badiliko la mpangilio pamoja na jina la mtumiaji, na kutuma matukio hayo katika kompyuta nyingine ili anayefuta swichi asifute na ushahidi. Saa ya kifaa nayo lazima iwe sahihi. Kumbukumbu inayoonesha kwamba badiliko lilifanyika saa tisa usiku, wakati kwa kweli lilifanyika saa sita mchana, inaweza kumtia hatiani asiyehusika na kumwokoa mwenye kosa.

Hapa ndipo madhara ya akaunti ya pamoja yanapoonekana. Watumishi watano wakiingia kwa jina moja la "admin", kumbukumbu zitaonesha kwamba "admin" ndiye aliyeizima poti ya uhasibu siku ya kufunga mahesabu. Hakuna atakayejulikana, na wote watano watabaki chini ya kivuli cha tuhuma. Akaunti binafsi humlinda kwanza mtumishi mwaminifu.

MAKABIDHIANO NA NAKALA

Utaratibu unaopendekezwa na wataalamu kwa ofisi za ukubwa wa wilaya hauhitaji fedha nyingi. Watu wenye ngazi ya 15 wawe wawili au zaidi, kila mmoja na akaunti yake. Nywila ya akaunti ya dharura iandikwe, iwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kutiwa saini, kisha ihifadhiwe katika kasiki pamoja na nyaraka nyingine za siri. Bahasha ikifunguliwa, iandikwe nani aliifungua, lini na kwa sababu gani, na nywila hiyo ibadilishwe baada ya matumizi.

Nakala rudufu ya mpangilio wa kila swichi itunzwe nje ya swichi yenyewe, ikiandikwa tarehe. Kifaa kikiungua kwa radi, mpangilio wa miaka mingi hurudishwa katika kifaa kipya kwa dakika chache; bila nakala, fundi huanza kukisia poti ipi ilikuwa ya nani.

Mtumishi anapohama, kustaafu au kubadilishiwa majukumu, akaunti yake iondolewe siku hiyohiyo, na nywila zozote za pamoja alizozijua zibadilishwe. Jambo hili liwe mstari mmoja katika hati ya makabidhiano ya ofisi, kama zilivyo funguo, gari na mafaili. Orodha ya akaunti zote ipitiwe kwa vipindi maalumu na mtu asiyekuwa msimamizi wa mtandao, kwa mfano mkaguzi wa ndani, ili kila jina lipate mwenyewe aliye kazini.

MSINGI WA SHERIA

Mambo haya yana msingi katika sheria za nchi. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), yenye jukumu la kuratibu na kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma, vikiwemo viwango na usalama wa mifumo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 4, inafanya kuwa kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda dhidi ya upotevu na matumizi yasiyoruhusiwa. Matukio ya kiusalama ya mtandao hushughulikiwa kitaifa na kituo cha TZ-CERT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Neno "idhini" katika sheria hizo ndilo linalokutana na ngazi za ruhusa. Pasipo ngazi zilizoandikwa ni vigumu kusema nani alikuwa na idhini na nani alivuka mpaka. Zikiwepo, mpaka unaonekana na kila mmoja, na mtumishi aliyebaki ndani ya mpaka wake ana ushahidi wa kujitetea.

YANAYOMHUSU MWANANCHI

Mwananchi hahitaji kujua amri hata moja iliyotajwa hapa. Taarifa zinazopita katika swichi, hata hivyo, ni zake: jina lake, ankara yake, matibabu yake na malipo yake. Anayo haki ya kuhudumiwa na ofisi ambayo mtandao wake hausimami kwa sababu ofisa mmoja yuko likizo.

Anaweza pia kusaidia. Waya uliochomoka, kabati la mtandao lililoachwa wazi katika eneo la wananchi kusubiri huduma, au mtu asiyejulikana anayechomeka kompyuta yake katika poti ya ukutani ni mambo ya kutolewa taarifa kwa ofisi husika papo hapo. Kwa upande wa watendaji wakuu na wakuu wa idara, hatua ya kwanza ni kumuuliza msimamizi wa mtandao maswali matatu: ni nani wenye ngazi ya 15 leo, nakala ya mwisho ya mpangilio ilichukuliwa lini, na asipokuwepo yeye ni nani atakayeingia? Swali lolote likikosa jibu, kazi ya kwanza imekwisha kujulikana.